Dubu Aliyechechemea

Pesa zilitoka kwa madaktari watatu wa meno wa Detroit,
ndiyo maana katika filamu nzima
kitu pekee kilichotengenezwa vizuri ni meno.
Mengine yote tuliyafanya sisi.

Mama yangu, Lempi, alimshona dubu
kwa makoti manne ya wanawake marehemu,
zulia la ukumbi wa kanisa
na uzi wa kushonea viatu.
Mabega yalimkera. "Dubu gani ana mabega ya mjane?"
Hakuna aliyecheka. Ulikuwa mwaka wa pili tangu mgodi wa shaba ufungwe,
na mwongozaji, Bwana Pruitt, alilipa dola kumi kwa siku
na mkate wenye nyama ndani.

Baba akaingia kwenye ngozi ile
kama alivyozoea kuingia chini ya ardhi,
kimya, akiinamisha kichwa.
Mguu wake wa kushoto aliuacha mgodini,
si mguu wenyewe, ule uwezo wa kuukunja,
basi na dubu naye akachechemea.
Pruitt alimtazama akivuka yadi ya mbao,
akalamba penseli, akamwandikia sherifu maneno mapya:
"Huyu aliwahi kunaswa. Huyu ana kisasi."

Dakika ya kumi na mbili anamla tarishi.
Dakika ya thelathini anamla Bi Trevarrow,
mwalimu wangu wa hesabu, aliyenichapa rula vidoleni
kwa kusema Kifini darasani.
Damu ilikuwa maji ya bitiruti, tuliyachemsha nyumbani,
na mimi, mtoto wa miaka tisa, ndiye niliyeshika sufuria.
Nilimmiminia kwa moyo mkunjufu.
"Inatosha, mtoto," maiti akasema.
Sauti yake bado imo, ukitega sikio.

Ukungu ni majani mabichi yanayoungua. Mwezi ni taa ya trekta.
Ngurumo ya dubu ni mashine ya kufulia ya Mchungaji Niemelä
iliyotiwa mawe.

Siku ya mwisho, Oktoba, jua limeshaanza uvivu wake,
baba alikuwa ameketi juu ya gogo, anavuta sigara,
kichwa cha dubu kimelala mapajani,
dubu akaja.
Wa kweli. Jike, mbavu zinahesabika,
mdogo kuliko wa Mama.
Alipita katikati yetu kama mtu aliyechelewa ibada,
moja kwa moja hadi meza ya mikate,
akala chakula cha watu kumi na mmoja, bila pupa.
"Kamera," Pruitt alinong'ona. "Kamera, kamera."
Duane, mpiga picha, akajibu kwa midomo mitupu:
mkanda umekwisha.

Dubu akanusa goti la baba, lile lisilokunjika,
akanusa makoti ya marehemu,
akayaangalia meno ya madaktari kwa muda mrefu.
Kisha akashika njia ya msituni na mkate mmoja mdomoni.
Baba alikuja kushtuka sigara ilipomchoma.

Mji mzima ulikwenda kuitazama, ndani ya magari, chini ya blanketi,
na mji mzima ukavunjika mbavu.
Baba alicheka kuliko wote, akacheka hadi akakohoa,
nasi tukamgonga mgongo, bado tunacheka.
Hatukukijua kikohozi kile.

Leo sina picha nyingine inayotembea ya Urho Kantola.
Humu ndani uso wake hauonekani hata mara moja.
Naipeleka mbele: tarishi, mwalimu, ukungu, sherifu anapiga risasi,
na dubu, badala ya kuanguka,
anatafuta ardhi kwa mkono,
anakaa kwanza,
ananyoosha mguu wa kushoto kwa uangalifu,
ndipo analala.

Gazeti moja liliandika kwamba mnyama hafi hivyo.
Ni kweli.
Hivyo ndivyo baba alivyopanda kitandani, kila usiku,
upande wa dirishani,
na Mama akisogea kumpisha.